Sijambo

Fomu ilikuwa na kurasa tano.
Una pumu? Hapana. Unavuta sigara? Hapana.
Umepata mafua katika wiki nne zilizopita?
Hapana.
Chini kabisa, kisanduku: mtu mzima, mwenye afya.
Nikatia alama, na moyoni nikajibu nilivyofunzwa:
sijambo.

Neno gani hili, kulitafakari Dundee
saa mbili asubuhi, mkono wa sweta umekunjwa.
Sina jambo. Sina neno, sina shauri,
mwili mtupu kama sufuria iliyosuguliwa.
Catriona akafunga mpira juu ya kiwiko,
akagonga mshipa kwa vidole viwili, kama apigaye hodi,
na damu ikaitika karibu bila kuniuliza.

Mililita kumi. Plasta yenye picha ya pengwini
(za watu wazima zimeisha, alisema).
Nikawa namba sabini na tatu,
na pauni ishirini za nauli.

Nilimuuliza wanaifanyia nini.
Wanaizungusha mpaka ijitenge, wekundu chini,
juu maji ya rangi ya samli.
Maji hayo wanayazimua: nusu,
nusu ya nusu,
nusu ya nusu ya nusu,
wakiyatia katika kibao cha vishimo tisini na sita
(bao, nikasema, naye hakujua bao),
na kila kishimo kina kipande cha kirusi kilichokufa,
kikingoja kutambuliwa.
Kingamwili zikikijua, kishimo hugeuka njano.
Wanahesabu njano inafika wapi kabla ya kuzimika.

Barua ilikuja Machi, siku ukungu ulipomeza daraja la reli.
Korona za zamani, zile nne za mafua tu: zote zimewahi kupita.
Homa ya mafua, aina mbili: kadiri.
Na RSV, kile kirusi kinachobana vifua
vya vichanga na vikongwe:
moja kwa elfu mbili mia tano na sitini.
Ya juu, wameandika,
lakini ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye afya.

Jambo la kawaida.
Kumbe lipo jambo.

Namba hiyo naijua. Ina mlango wa kijani,
ghorofa ya pili, Hilltown, mkabala na wangu.
Ni Januari, natoka jikoni kwenye shule ya chekechea,
makamasi ya watoto yamekaukia begani,
koo linawasha kidogo, nikaliambia nyamaza,
maana siku ya kwanza ya kuugua hailipwi.
Nikampelekea Bibi Petrie supu ya dengu.
Nikakaa nusu saa. Tukamcheka paka wake.
Wiki iliyofuata tulikohoa sote, ukuta mmoja kati yetu,
mimi nakohoa, yeye anaitikia,
mpaka usiku mmoja nilikohoa
na ukuta ukakaa kimya.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Kilio kilikuja: watu sita, mchungaji, mvua ya kuchapa ubavuni.
Mimi sikufichuliwa.
Nilisimama nyuma, na leso yangu, mzima.

Nikampigia Catriona. Je, damu inaweza kusema
nani alianza?
Alikaa kimya muda mrefu kuliko mtu wa maabara.
Damu inajua jina la mgeni, akasema,
haijui aliingia kwa mlango upi.
Labda wewe. Labda mjukuu wake wa Krismasi. Labda yeye ndiye aliyekupa wewe.
Kisha: hushuka, unajua. Hazibaki juu hivyo.
Taratibu, kama tunavyozimua.

Paka yuko kwangu sasa. Hanipendi, ila anakula.

Na leo nimerudi kupimwa mara ya pili,
si kwa pauni ishirini.
Nataka kuona imebaki kiasi gani,
nusu, au nusu ya nusu.
Fomu ni ile ile. Catriona anatafuta plasta.
Nimefika kwenye kisanduku cha mwisho
na kalamu imesimama juu yake,
wino unajikusanya.